Saa Kumi na Mbili za Giza

Jana usiku niliota udongo umeniita kikaoni.

Ni ule udongo wa bangi niliyoipanda ndani, chumbani kwa mama, hapa Voi. Mama alikuwa na saratani ya mifupa, na vidonge vya hospitali vilishashindwa na maumivu yake. Nikaapa kumtengenezea dawa mwenyewe. Chumba chake ndicho kisichoonekana kutoka barabarani, basi nikamhamishia sebuleni, kwenye kochi, nikaingiza mapipa ya udongo wenye mboji na minyoo, niliouita udongo hai, usiochimbwa.

Ndotoni udongo umekaa kwenye kiti cha mama, umekunja nne. Mlangoni umesimama mche dume, ule nilioung'oa mapema kwa sababu madume huharibu maua. Una begi mkononi.

"Tulifukuzwa chumba kimoja, mimi na mama yako," mche unaniambia. "Mimi jalalani, yeye kwenye kochi. Angalau mimi niliambiwa kosa langu."

Nikaona una haki. Nikaupa pole, ukaenda zake.

Udongo ukakohoa. Ukasema mimi ndiye niliyetangaza kuwa uko hai, na aliye hai hula, sasa nitaje nilichoulisha. Nikataja maganda ya ndizi, majivu, samadi ya mbuzi.

"Na mama yako," ukasema.

Nikaueleza kwamba mama tulimzika nyumbani Wundanyi, si humu. Ukanitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto mzito. "Udongo ni mmoja," ukajibu.

Nikashika jembe nimfukue. Ukanikumbusha kwamba udongo ulio hai hauchimbwi, ukiuchimba unawaua walio ndani. "Si wewe uliyesema?" Ndimi niliyesema. Nikaweka jembe chini.

Mara niko ndani ya pipa, nimepandwa hadi magotini, giza totoro.

Giza hilo nalijua. Bangi ikianza kutoa maua hutaka saa kumi na mbili za giza lisilokatika, na mimi nililiweka mchana, taa ziwake usiku kukiwa na baridi. Kila alfajiri nilikunja leso ya mama, ile yenye michoro ya korosho nyekundu, nikaishindilia chini ya mlango usipite hata mstari wa mwanga. Adhuhuri mama alikuja akishika ukuta, akaomba alale kidogo kitandani kwake. Kila siku nilimjibu neno lile lile: ngoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Ya kwangu iliumiza mifupa ya mama. Maua yalitaka wiki tisa. Yeye aliweza saba.

Sasa ninayegonga ni mimi.

"Mama, nifungulie."

Nasikia ndara zake zinaburuta, zinasimama nje ya mlango.

"Vumilia kidogo, Mwakio," anasema, bila hasira yoyote. "Mwanga ukiingia dawa itaharibika. Zimebaki wiki mbili tu."

Nikalia kwa sauti, na kilio hicho ndicho kilichoniamsha.

Nilikuwa chumbani kwangu, kitandani kwangu. Simu ilisema saa mbili asubuhi, lakini ule mwanga wa sebuleni unaopita chini ya mlango haukuwepo. Nikapapasa hadi pale, nikafungua. Leso ya korosho nyekundu ilikuwa imeshindiliwa chini ya mlango wangu, upande wa nje, imekunjwa mara tatu kama nilivyokuwa nikiikunja mimi.

Tangu tumzike mama, naishi peke yangu.