Kwa Ubapa

Mama mkwe wangu aliuza nyama maisha yake yote ya kazi. Buchani kwake alikuwa anatenganisha paja la ng'ombe huku anapiga soga na mteja, bila hata kuangalia kisu. Kwa hiyo alipoingia kwenye mchezo wetu wa Jumamosi akakataa kuua mtu, hata jambazi wa kufikirika mwenye shoka, tulidhani anatutania.

"Nimekata vya kutosha," alisema. "Hapa nimekuja kupumzisha mguu."

Mguu ndio uliomleta kwetu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na hospitali. Sebule yetu ni ndogo, meza ni moja, na mchezo wenyewe hauchezwi kimyakimya. Mimi ndiye msimamizi: nasimulia mapango, falme na majoka, wenzangu kila mmoja ana mhusika wake, na jambo lolote lenye shaka linaamuliwa kwa dadu la pande ishirini. Mume wangu, fundi wa lifti, ni shujaa wa upanga. Rafiki yake tunayemwita Betri, anayetengeneza simu, ni mchawi wa moto. Mama alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, akisikiliza. Jumamosi ya pili uvumilivu ukamwishia.

"Huyo mnayemuua kosa lake nini?"

"Analinda daraja, mama," mume wangu akamjibu.

"Kwa hiyo yuko kazini."

Tukamvutia kiti, tukampa mhusika: mwanamke wa miraba minne mwenye panga pana. Na mimi, ambaye mchana kutwa nakata lenzi za miwani na sipendi kitu kisicho na kipimo, ikabidi nitunge kanuni za kupigana bila kuua, maana kitabu cha mchezo kilikuwa na mistari miwili mitatu tu juu ya hilo, tena ya ovyo.

Nikaamua hivi. Asiyetaka kuua aseme "kwa ubapa" kabla ya kutupa dadu, yaani anapiga kwa upande bapa wa panga, si kwa makali. Adui akianguka, amezimia, hajafa. Kanuni ya pili ni kwamba ukisema baada ya dadu kutua, umechelewa. Pigo ni la makali na aliyekufa haamki. Moto hauna ubapa, jambo ambalo Betri hajanisamehe mpaka leo. Kanuni ya tatu aliitunga mama mwenyewe: uliyemwangusha ni mzigo wako. Umfunge kidonda, umlishe, umbebe. Huwezi kumwacha njiani.

Matokeo yake, baada ya miezi miwili mashujaa wetu walikuwa wanakokota mkokoteni uliojaa mateka. Betri alilalamika kwamba alikuja kupigana na majoka, sasa anawapikia majambazi.

"Shem, hili si jeshi tena," aliniambia. "Hili ni bweni."

Mateka wa kwanza alikuwa yule mlinzi wa daraja. Mama alimpa jina Kipara. Mimi nilimsemea kwa sauti nzito ya kukwaruza, na mama alimpenda kupita wote. Kila jioni ya kambini alimkalisha karibu naye.

Hapa lazima niseme jambo. Nje ya mchezo, mimi na mama tulikuwa hatuvuki salamu. Wiki ile aliyofika, watu walikuja kumpa pole, nikapika, mama akaonja, akasema mbele yao wote: "Nyumba hii haina chumvi wala mtoto." Wageni walicheka kidogo, wakaacha. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili nisisikike. Tumehangaika na madaktari miaka mingi mimi na mume wangu, na mama alikuwa anajua. Usiku huo nilikata kauli: goti likipona, aende kwa wifi. Mume wangu alikubali shingo upande. Mama mwenyewe hakuulizwa, ingawa kila mtu aliona jinsi alivyokuwa anaisubiri Jumamosi.

Lakini Kipara yeye alizungumza na mama vizuri tu. Kipara alimuuliza alijifunzia wapi kutumia kisu, naye akaeleza alivyofiwa na mume watoto wakiwa wadogo, bucha ikabaki bila mtu. Yeye akamuuliza Kipara kama analala vizuri. Kipara akasema hapana, siku hizi usingizi haumjii. Kwa sauti yangu mwenyewe nisingemwambia hivyo hata kwa kulazimishwa.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Daktari alikuwa ameshamruhusu kutembea bila fimbo, na wifi alisema angekuja na gari kesho yake asubuhi. Begi la mama lilikuwa limesimama mlangoni mwa chumba chake. Kwenye mchezo nilikuwa nimepanga kwamba mfalme wa mapango atamroga Kipara. Basi Kipara akageuka macho meupe, akachomoa kisu, akamrukia mgongoni shujaa wa mume wangu.

"Mwanangu!" mama akapiga ukelele, akatupa dadu. Likaviringika, likagonga kikombe, likatua kwenye ishirini. Hakuna pigo kubwa kuliko hilo.

"Kwa ubapa," akasema.

"Umechelewa, mama," Betri akasema, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahia.

"Si siku zote anapiga kwa ubapa?" mume wangu akaniambia. "Mpe tu."

Yeye mwenyewe aliwahi kuniomba hivyohivyo nikamkatalia, na mama aliniunga mkono siku hiyo. Wote wakanitazama. Ningeweza kumpa. Sikutaka. Nilikuwa nimeilaza hasira yangu muda wote huo, na ghafla kanuni ilikuwa upande wangu.

"Ni makali," nikasema. "Kipara anaanguka."

Mama akalitazama dadu kama linaweza kugeuka.

"Bado anapumua?"

"Kidogo."

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Akainua macho kutoka mezani, akanitazama mimi. "Sikukusudia kukuua. Mkono ulitangulia, neno likabaki nyuma. Nilitakiwa niseme kwanza nia yangu ni nini. Hata siku ile, lile la chumvi na mtoto. Nilitaka wageni wacheke tu. Nimelijutia tangu lilipotoka mdomoni, ila sikujua nikuambie vipi."

"Chumvi gani tena?" Betri akanong'ona. Mume wangu akamkanyaga mguu chini ya meza.

Nilitakiwa kujibu kwa sauti nzito ya Kipara. Ikatoka yangu, nyembamba.

"Liliniua, mama."

"Najua."

Kisha Kipara akafa, kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema. Mama hakubisha. Betri alijitolea kuchimba kaburi kwa uchawi, mama akakataa, akachimba mwenyewe kwa lile panga. Tulimaliza mapema. Mume wangu alikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi nilikuwa jikoni nakaanga mayai niliposikia gari la wifi likisimama nje. Niliitafuta hasira yangu pale ilipozoea kukaa nikakuta imepungua, lakini bado ipo. Mama akaja na begi lake, akakaa penye kimeza cha jikoni, nikapakua sahani mbili, akaonja. Akaweka uma chini. Nilijua kinachokuja.

"Mwanangu," akasema. "Kwa ubapa."

"Sema, mama."

"Mayai haya hayana chumvi."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Hayakuwa na chumvi kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa kutia. Na katikati ya kucheka nikaona kwamba jana yake nilikosea hukumu niliposema neno lile liliniua. Aliyekufa haamki, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi. Kumbe nilikuwa nimezimia tu.

Wifi akaingia akiwa na haraka zake, akanyoosha mkono achukue begi.

"Mama," nikasema, "kanuni ya tatu inasemaje?"

Alinitazama kwanza, kama mtu anayeogopa kusikia vibaya. "Uliyemwangusha ni mzigo wako."

"Umfunge kidonda, umlishe, usimwache njiani. Sasa wewe unakwenda wapi?"

Mama alivuta kikopo cha chumvi, akanyunyizia mayai, kwanza kwenye sahani yangu, kisha kwenye yake.

Wifi alimtazama yeye, akanitazama mimi, begi linaning'inia mkononi.

"Jamani, gari linaunguruma huko nje. Nikazime?"

"Kazime," mama akasema. "Halafu uje ule."