Mchelewaji wa Ukutani

"Mashine yako ndiyo iliyolikata, Sadao! Mashine yako na mkono wako!"

"Dada Tokie, nikuambie mara ngapi? Upande ule wa ukuta sikuugusa."

"Hukuugusa! Nyasi zilijinyoa zenyewe, siyo? Ziliteremka kwa kinyozi?"

Mimi nilikuwa napandisha kreti ya bia kwa mteja, nikaiweka chini palepale njiani. Kisiwani Kosagi ugomvi mzuri ni adimu kama nyama ya ng'ombe, na huu ulikuwa wa majirani wawili ambao kwa miaka mingi wamegombania maji ya mvua, paka, na harufu ya samaki anayekaushwa. Wanawake walishatoka nje na aproni zao. Mmoja alikuja na mwiko mkononi.

Tokie alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe unaotenganisha nyumba yake na ya Sadao, mfupi, mikono kiunoni, kofia ya jua imemkaa upande. Sadao alikuwa chini, kwenye njia ya kwenda makaburini, kichwa wazi, anajifuta shingo kwa taulo. Kati yao, amepiga magoti, alikuwepo Mwalimu Orita, mtaalamu wa mimea, mgeni wangu anayelala chumba cha juu kila kiangazi. Alikuwa ameshika kishina kilichokatwa, kirefu kama kidole.

"Tazama kilivyokatwa," Sadao alisema. "Pamenyooka. Mashine huchana, inaacha nyuzinyuzi. Hapa pamepita mkasi."

"Basi ulitumia mkasi!"

"Sina mkasi mimi!"

"Ndiyo maana bustani yako iko vile!"

Watu wakacheka. Sadao hakucheka.

Ngoja nieleze kilichokatwa. Kwetu mayungiyungi ya nchi kavu yamejaa kila genge, ya waridi yenye madoadoa mekundu, na sisi tunayatazama kama mtu anavyotazama viatu vyake. Tunayakata kabla ya Obon, siku ambazo wafu wanarudi nyumbani, maana Kosagi kaburi likikosa maua ni aibu ya ukoo mzima. Tunayakata yakiwa matumba, ili yafunguke mbele ya wageni wenyewe. Ila liko moja linalobaki nyuma. Wenzake wanapochanua, lenyewe bado limefumba kama mtoto anayegoma kula. Linafunguka wafu wameshakwenda zao, hakuna anayelihitaji, na mara nyingi kimbunga kinalilaza kabla. Tuliliita Mchelewaji, likaishia hapo. Hakuna aliyewahi kulitazama usoni.

Mwalimu Orita ndiye aliyepiga magoti mbele yake. Alisema majani yake ni membamba kuliko ya wenzake, na kwamba huenda ni aina ya peke yake, ambayo haijaandikwa popote. Mengine aliyoyaona kwenye majabali ya upande wa pili yaliondoka na maporomoko. Lililobaki mahali anapoweza kufika ni hilo la ukutani. Na ukuta wenyewe ulikuwa na siku zake za kuishi: mvua za vuli zikipita, wakandarasi walikuwa wanakuja kulimwagia zege genge zima, lisije likawaangukia wapita njia. Vigingi vyenye utepe vilishapigwa. Mwalimu aliniambia mezani kwangu, hamu ya kula imemwisha, kwamba akipata ua lililofunguka, akapima, akalikausha, akaonyesha chavua yake, ataweza kwenda kuomba genge liachwe. Bila ua, ana majani tu, na majani hayajawahi kusimamisha gari la zege.

Kiangazi kilichotangulia upepo ulilivunja likiwa tumba. Hiki kilikuwa cha mwisho.

Sasa Tokie. Tangu siku mtaalamu alipopiga magoti kwenye ukuta wake, Tokie hakushikika. Alikuja dukani kwangu kununua chumvi akakaa hadi chumvi ikashika unyevu. "Mimi nalijua tangu nilipoolewa hapa," alisema. "Nyie mlikuwa mnapita tu. Nifungeni macho, nalitambua kwa kidole." Alitaka lipewe jina la marehemu mume wake, Shigemi.

"Linamfaa," Sadao alisema siku ile, amekaa na kikombe chake cha pombe ya viazi vitamu. "Shigemi alichelewa hata harusi yake."

Tokie alimrushia taulo, lakini alikuwa anacheka. Siku hizo walikuwa bado wanachekeana.

Mwalimu alikuwa amelifunga Mchelewaji uzi wa kijani shinani ili asilipoteze. Tokie akauondoa. Kuna watu wanaokuja na meli ya Jumamosi, wamevaa kofia za matembezi, wanarudi na matunguu ya maua yetu, mizizi yenyewe, kwenye mifuko. "Uzi ni kumwonyesha mwizi mlango," alimwambia Mwalimu. "Niachie mimi. Mimi ndiye uzi." Mwalimu aliurudisha uzi mfukoni. Mgeni hawezi kubishana na mwenye ukuta.

Kisha ikaja Jumapili ya kufyeka, ambapo kila nyumba hutoa mtu na mashine kusafisha njia ya makaburi. Sadao alipewa kipande cha chini ya ukuta. Alfajiri iliyofuata Tokie alikata maua ya kaburi la Shigemi. Na asubuhi hiyohiyo, shina lililobaki ukutani, ambalo alikuwa akilinyunyizia maji na kulisemesha, likafunguka. Likawa la waridi. Lina madoadoa, na chavua nyekundu kama kutu. Yungiyungi la kawaida kabisa.

"Siyo lenyewe," Mwalimu alisema taratibu. Akapapasa kwenye nyasi, akakiona kile kishina, jani jembamba bado limening'inia. Ndipo kelele zilipoanza.

"Na wewe je, dada?" Sadao aliuliza kutoka chini. "Hukukata kitu hapa?"

"Nilikata yangu matatu, ya kawaida, yaliyolalia njiani! Unaniuliza mimi? Mimi?"

"Una hakika?"

Tokie aliwageukia watu. "Mmesikia? Ananiuliza kama nina hakika! Mtu ambaye mke wake alimwachia bustani, akaifanya kituo cha mabati! Shigemi angekuwa hai usingethubutu kupitisha mashine hapa. Ulimwonea wivu akiwa hai, unamwonea wivu mpaka jina lake kwenye ua!"

Hapo kicheko kilikatika. Sadao alikunja taulo lake, likawa dogo, dogo zaidi, akalitia mfukoni, akaingia kwake. Kwetu mtu anayeondoka katikati ya maneno ameshahukumiwa. Na habari ya mashine ya Sadao ilipitia dukani kwangu kabla ya kufika bandarini, sina haja ya kukataa. Kila aliyenunua vijiti vya uvumba aliondoka na habari hiyo.

Obon ikafika. Ngoma ya kuwachezea wafu, kwa miaka mingi, imepigwa na Sadao. Ana mkono mzito lakini hajikwai. Mwaka huu hakuna aliyekwenda kumwita. Hakuna aliyekaa kikao akasema asiitwe, ni kwamba kila mmoja alimwachia mwenzake, na ilipofika jioni tukamwona kijana wa posta amesimama kwenye ngoma na vijiti. Tulicheza tukikanyagana. Kutoka uwanjani taa ya Sadao ilionekana, inawaka, mlango umefungwa. Tokie alikuwa anacheza duara la mbele, kidevu juu.

Siku iliyofuata kuagwa kwa wafu, wanawake tulipanda makaburini kubadilisha maji. Jua lilikuwa kali tangu mapema na mayungiyungi yalikuwa yameinamisha vichwa kila kaburi, petali zimekunjika kama karatasi iliyolowa. Mwalimu Orita alikuja kunisaidia ndoo. Tangu siku ya ugomvi alikuwa mtu wa kuitikia tu, na begi lake lilikuwa limeshafungwa kwa ajili ya meli.

Tokie alikuwa mbele yetu kidogo. Alifika kwa Shigemi, akainama, akaganda hivyohivyo.

Katika chombo cha Shigemi mayungiyungi mawili yalikuwa yamekufa. La tatu lilikuwa limefunguka asubuhi ileile. Lilikuwa jeupe, bila doa hata moja, petali zimejirudisha nyuma pana kuliko kiganja cha mtu mzima. Harufu yake ilikuwa nyingine, si ile tamu inayoumiza kichwa. Ilikuwa kama ganda la chungwa lililobanwa kwa kucha.

Mwalimu aliweka ndoo chini, maji yakamwagika. Akapiga magoti. Akaweka uso karibu mno, na aliponyanyuka ncha ya pua yake ilikuwa na vumbi la njano. Njano safi, kama kiini cha yai. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa zawadi. Halafu akamtazama Tokie, na furaha yote ikamkimbia.

"Dada Tokie," alisema, sauti ya chini. "Naomba ruhusa nilichukue."

Wanawake wa makaburi ya jirani walikuwa wamesogea. Kila mmoja alijua maua yale yalitoka ukuta gani, na nani aliyeyakata, maana Tokie alikuwa ametangaza mwenyewe kutoka juu ya ukuta. Yule aliyekuwa na mwiko siku ile alisema neno moja tu.

"Kumbe."

Nimesikia matusi mengi maishani, nauza pombe. Sijasikia lililochoma kama lile.

Tokie hakugeuka. Alichukua birika lake akaanza kumimina maji kwenye chombo ambacho kilikuwa tayari kimejaa. Maji yalifurika yakamwagikia jiwe, yakamwagikia kandambili zake, naye anamimina tu. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka shingoni.

"Chukua," alisema hatimaye. "Chukua upesi, Mwalimu, lisije likaharibika nalo."

Mchana ule meza yangu ya kulia chakula haikutumika kwa chakula. Mwalimu alipima kila petali, akapiga picha, akakung'uta chavua kwenye bahasha, kisha akalilaza ua katikati ya magazeti na kulikandamiza kwa vitabu vyangu vya hesabu. Aliniambia linatosha. Tunguu bado liko hai ukutani, litachipua, na sasa ana cha kuwawekea mezani watu wa zege. Alisema hivyo kwa kunong'ona, kama mtu anayefurahi kwenye nyumba yenye msiba, maana Tokie alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mgongo kwetu.

"Mwalimu," Tokie aliita bila kugeuka.

"Naam, dada."

"Lile jina. Usiliite la Shigemi."

"Jina bado sana, dada. Huwa tunafuata mahali lilipo..."

"Vizuri. Fuata mahali." Akautazama mkono wake. "Nililishika kwa mkono huu. Nikasema hili ni la kawaida, nikalikata. Halafu nikarudi nikaliimbia lile jingine."

Mwalimu alisema wengi wangekosea, matumba yanafanana, yeye mwenyewe asingethubutu bila kipimo. Aliyasema kwa wema, na nilimwona Tokie akijikunja zaidi.

"Kukosea ua si kitu," alisema. "Yaeko, twende wote. Peke yangu miguu haitafika."

Yaeko ni mimi. Nilivua aproni. Njiani hatukuongea, jambo ambalo kwangu ni adhabu. Tulipofika kwa Sadao mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa jikoni, tunamwona mgongo, anachuja tambi. Tokie alisimama nje ya kizingiti. Akavua kofia. Akainama, akainama hasa, mpaka nywele zake nyeupe zikaning'inia.

"Sadao. Ni mimi niliyelikata."

Sadao aliendelea kuchuja. "Nimeshasikia. Kabla hujashuka kutoka makaburini habari ilishanipita hapa ikaenda bandarini."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Nilikutukana mbele za watu," Tokie alisema, bado ameinama. "Nikamtaja na mkeo. Na ngoma ukaikosa. Obon hairudi nyuma. Nitapita nyumba kwa nyumba, niwaambie mmoja mmoja, nikianza leo."

"Kijana wa posta akipiga ngoma vile, wafu wanapotea njia," Sadao alisema. Kisha akakung'uta chujio, maji yakadondoka. "Shigemi nilimwonea wivu kweli. Alikuwa na sauti nzuri. Lakini ua lake nisingeligusa."

"Najua."

"Hukujua."

"Sikujua," Tokie alisema. Akazidi kuinama, kofia imegusa kizingiti.

Sadao aligeuka kwa mara ya kwanza. Alimtazama mwanamke yule aliyepinda mlangoni kwake, akashusha pumzi, akaenda kabatini. Nilisikia bakuli zikigongana. Aliweka moja mezani, karibu na sahani ya samaki wa kukaanga, akaweka na ya pili.

"Sijasema nimesahau, dada. Usije ukadhani. Ila tambi zikilala zinashikana, na samaki huyu simmalizi peke yangu. Vua kandambili uingie ule." Akachungulia nyuma ya mgongo wake, akaniona mimi niliyekuwa najifanya natazama paka. "Na wewe Yaeko, ingia. Mdomo huo ukiwa na chakula angalau kijiji kitapumzika."