Shimo Linasimulia

Mgongo wa Sarah ulishagoma, kitabu ndicho kilichomwokoa. Kutwa nzima wanawake wa Nyamongo wanakaa chini wamenyoosha miguu, wanaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha, mashine ya kusagia. Kazi ya kipumbavu kabisa hiyo: unaponda, unaponda, lundo liko palepale. Siku aliyoshindwa hata kuinua nyundo, Sarah alitoa kwenye mkoba kitabu alichokiokota nyuma ya mlango wa mpangaji aliyehama bila kuaga, akawasomea wenzake ili tu asionekane amekaa bure. Tangu hapo wakakubaliana: yeye asome, wao wamjazie karai lake.

Nacho kilikuwa kitabu gani jamani! Hakina sura, hakina aya, sentensi moja inakimbia kurasa kumi, na anayesimulia si mtu, ni shimo la dhahabu. Linawala wachimbaji, kisha linaeleza kila mmoja alikuwa na ladha gani. Huyu anakolea gongo, yule tumbaku. Mganga mmoja tapeli lilimtafuna wiki nzima, likamtapika na vibuyu vyake.

"Wee! Na vibuyu?" Eliza, mmoja wa wapondaji, aliuliza, mbavu hana. "Rudia hapo, Mama Brayan. Hebu rudia!"

Sarah alirudia. Mwili ulikuwa umechoka, roho imechoka zaidi, lakini kitabu kile kibaya kilimpa raha hadi akaionea aibu. Hata nyumbani alikisoma jikoni, ugali ukaungua.

Shida ilikuwa Nyangwine. Alikaa karibu kuliko wote, hacheki, na neno halimpiti. Mumewe, Mogesi, alifukiwa shimoni mwezi wa nne, akatolewa siku ya tano akiwa maiti. Wachimbaji wenzake waliwaapia ndugu zake kwamba alikufa papo hapo. Mmoja wao alikuwa Masalu, mume wa Sarah, Msukuma wa kuja, na Sarah pekee ndiye aliyeambiwa ukweli. Mogesi aliita siku mbili. Wenzake walikaa juu wanamsikia, kifusi bado kinamwagika, hakuna aliyethubutu kushuka, na msaada hawakuomba kwa sababu shimo lenyewe walichimba kwa kuiba. Ndugu zake Mogesi si watu wa kuchezea. Wakijua, Masalu amekwisha.

Kwa hiyo kila kitabu kilipofika kwa mtu anayekufa polepole, Sarah aliruka.

Alhamisi moja aliruka kurasa mbili. Nyundo ya Nyangwine ikasimama.

"Umeruka."

"Sijaruka, dada."

"Sarah, kusoma sijui, lakini macho ninayo. Juzi uliruka, jana ukaruka. Mbona mnanifanya mtoto? Vidole vya Mogesi niliviona mimi. Kucha hazikuwepo. Mtu aliyekufa papo hapo amechimba saa ngapi? Shemeji zangu wakasema ni mawe, nyamaza. Hiki kitabu ndicho pekee kisichonidanganya, na wewe unakikatakata. Soma!"

Sarah akarudi nyuma, akasoma. Shimo lilieleza mtu aliye tumboni mwake: anavyolamba unyevu wa jiwe, anavyokwangua, sauti yake inavyolitekenya kooni. Ilikuwa mbaya, na ilikuwa tamu mno, na Sarah akajiona hana nguvu tena. Kuponda mawe kunachosha, lakini miezi mitano ya kubeba siri isiyo yako inachosha kuliko mawe yote ya Nyamongo. Katikati ya sentensi aliacha kusoma, mdomo ukaendelea wenyewe.

"Aliomba maji kwanza. Halafu akawaita wenzake, Elia, Deus, wote kwa majina. Siku ya pili akawaacha, akabaki anamwita mke wake tu, kwa Kikurya. Jioni sauti ikakatika."

"Kumbe kitabu kina Kikurya?" Eliza akashangaa.

Nyangwine alikuwa anakitazama kitabu, kimefungwa mapajani mwa Sarah.

"Nani alimsikia?"

"Masalu." Sarah alikuwa analia sasa. "Nisamehe, dada. Niliogopa watamuua."

Nyangwine alijifuta vumbi usoni kwa kanga, polepole, upande huu na upande huu.

"Aliponiita, alisemaje?"

"Masalu hajaniambia. Anasema hawezi kuyatamka."

"Ataweza. Nenda kamlete. Shemeji zangu sitawaambia, sitaki mtu apigwe. Aje akae hapa mbele yangu aniambie mume wangu alisemaje. Yale maneno ni yangu, Sarah. Miezi mitano amekaa nayo."

Sarah akashika kiuno, akainuka, akaenda kumleta mumewe.