Kufuli la Kinyozi

Kiwandani kwetu tunatengeneza sabuni, lakini usidhani ni mahali pasafi. Kuna pipa la chuma refu kuliko mtu, ndani yake mapanga manne ya kukoroga, na kila Ijumaa mtu mmoja huingia humo kukwangua sabuni iliyoganda. Sheria yake ni nyepesi. Anayeingia hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, lenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni. Hakuna anayemfungulia mwenzake. Kufuli likibaki na mwenyewe haonekani, msimamizi hupanda ngazi, achungulie pipani kwa macho yake, ndipo alikate.

Msimamizi ni mimi. Ngazi ina vidato saba, na sikuipanda.

Kinyozi tulimwita hivyo kwa sababu alitunyoa sote saa ya chakula, bure, malipo yake yakiwa umbea tu. Alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Mara mbili alikwenda zake nyumbani akaliacha kufuli linaning'inia, zamu nzima ikakaa bure tukimtafuta. Ijumaa ile nilipolikuta tena, na meneja ameshanipigia simu mara tatu akitaka mashine iwashwe, damu ilinipanda kichwani. Niliita "Kinyozi!" mara moja tu, nikiwa pale pale kwenye swichi, mashine nyingine zikinguruma. Nikasema moyoni, leo utanikoma. Nikachukua mkasi wa kukatia vyuma, nikakata, nikawasha.

Nilichokisikia sitakieleza. Nilizima upesi, ila upesi huo haukumfaa mtu.

Watu walipofika, kufuli lilikuwa ndani ya kiatu changu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba mkono ndio uliolificha, mimi sikufikiri. Uongo mtupu, mkono hauna akili yake. Wachunguzi walipouliza, nikasema swichi niliikuta wazi, na kufuli lake nadhani alilipoteza, si mnamjua Kinyozi? Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, maana kweli walimjua. Ikaandikwa kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake.

Wiki mbili baada ya mazishi mkewe alinisimamisha nje ya kanisa. Tunasali pamoja miaka mingi.

"Shemeji, hospitali walinipa nguo zake. Mfukoni nimekuta huu." Alinionyesha ufunguo mdogo wa shaba. "Nimeujaribu nyumba nzima. Au ni wa lile kufuli wanalosema alilipoteza?"

"Hapana, shemeji. Huo ni wa kabati lake la kazini. Limeshapewa mtu mwingine."

Akanishukuru. Akautunga kwenye uzi mweusi, akauvaa shingoni.

Kutubu nilitubu, msinielewe vibaya. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia mpaka mto ukalowa. Nilimweleza Mungu kila kitu, kwa kuwa yeye hana kituo cha polisi. Mchungaji akihubiri kwamba damu ya Yesu yaosha dhambi zote, "Amina" yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote. Watu wakaona nimekua kiroho, wakanichagua kuongoza maombi. Nilikubali.

Mwaka ukapita. Jumapili moja, wakati wa shuhuda, mke wa Kinyozi akasimama. Alikuwa amekonda, nguo imebaki kumning'inia.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. "Jambo lenyewe dogo, bawaba ya mlango aliyokuwa haitengenezi. Nikamtolea maneno, akatoka bila kwaheri. Akaenda kazini akili haipo, akasahau kufunga. Mimi ndiye niliyemuua mume wangu. Nimefunga na kuomba kila Ijumaa mwaka mzima, na amani sijaiona. Niombeeni."

Akapiga magoti mbele. Mchungaji akatafuta mtu wa kumwekea mikono, na jicho lake likatua kwangu. Ningeweza kukataa. Nilikwenda. Nilimwekea mikono kichwani nikaomba kwa sauti, "Bwana, msamehe dada yetu kosa lake." Kidole changu kiligusa ule uzi mweusi shingoni mwake, nami nikaendelea kuomba. Kanisa zima likasema amina.

Baada ya ibada nilimfuata mchungaji kwenye kile chumba cha kuwekea viti, nikamwaga yote. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati.

"Kukuombea nitakuombea," alisema mwishowe. "Kukutubia siwezi. Yule mama amekutubia mwaka mzima bila kujua, na umeona imemfikisha wapi. Nyumba yake unaijua."

"Nina watoto, mchungaji."

"Hata Kinyozi alikuwa nao."

Jumatatu asubuhi nilibisha hodi. Mlango ulikuwa bado unalia kwa ile bawaba. Juu ya kabati niliiona mashine yake ya kunyolea, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Shemeji alikuwa anaosha vyombo. Alinikaribisha, akanivutia kiti. Sikukaa. Nilitoa kufuli nililolificha mwaka mzima nikaliweka mezani, nikiwa na woga wa jela, si utakatifu wowote.

Alisoma jina lililochongwa. Akakausha mikono kwenye kanga, taratibu, akatoa ufunguo shingoni. Uliingia. Akauzungusha, na kile kipande cha chuma kilichobaki baada ya kukatwa kikaruka juu.

"Alifunga," alisema.

"Alifunga, shemeji. Mimi ndiye niliyekata. Sikupanda kumchungulia."

"Kwa hiyo hakusahau." Akalirudia neno hilo mara mbili tatu, anacheka huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa kupona. Halafu kicheko kikakatika. Akaniangalia.

"Jana ulinishika kichwa."

"Ndiyo."

"Ukaniombea msamaha. Wa kosa gani?"

Nikasema, "Nisamehe, shemeji."

"Nenda kwanza ukaseme kule ulikodanganya. Kisha Jumapili ukaseme pale pale nilipopiga magoti. Ukishamaliza, njoo ubishe hodi. Siahidi kufungua."

Nilimwomba ufunguo, nikiwaza kwamba polisi watautaka. Akaurudisha shingoni.

"Wakiuhitaji nitaupeleka mwenyewe. Kufuli ndilo lako, lichukue."

Nilitoka nalo mkononi, bila kulificha. Nyuma yangu nilisikia komeo likifungwa. Kituo cha polisi hakikuwa mbali, nikaenda kwa miguu.