Friza Iliyopiga Hodi

Mdogo wangu Kobina Arkorful ana kichwa kigumu tangu ananyonya, na ninayesema hivyo ndimi niliyembeba mgongoni. Kwa hiyo alipomwambia yule kijana Ekow Dadzie kwamba hatampa binti yake mpaka aione kazi yake kwa macho, sikushangaa. Nilikasirika tu, maana Adwoba alikuwa anampenda Ekow kwelikweli, na mimi nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha harusi.

Kazi ya Ekow ni ngumu kuielezea hapa Sekondi, ambako mtu ama anauza samaki ama hauzi. Ana ukurasa wake mtandaoni unaohusu majokofu na vyombo vya jikoni. Anaandika kipi kizuri, kipi kinakula umeme, halafu chini anaweka sanduku lenye picha, jina, bei na kitufe. Ukibonyeza kitufe unatua kwenye duka la Accra lenye vitu vyenyewe. Sanduku hilo analichora mara moja tu, likiwa tupu, wenyewe wanaliita kiolezo. Bei zinakuja kutoka dukani na kujipanga humo zenyewe.

Siku alipokuja kujitambulisha, Kobina alimhoji kama mshitakiwa. Vitu ni vyako? Hapana, Baba. Bei unapanga wewe? Hapana, linapanga duka.

"Sasa chako hapo ni kipi?"

"Sanduku, Baba."

"Tupu?"

"Linaanza tupu, Baba, lakini..."

Kobina hakungoja hiyo lakini. Alisema chema chajiuza, na kwamba hajawahi kuona mwanamume anaoa kwa sanduku tupu. Arudi akiwa na kazi inayoonekana, ndipo alete vinywaji vya kupiga hodi, yaani vya kuja kuposa, kama mila inavyotaka. Adwoba akaenda jikoni kulia, na mama yake, Mansa, akamuunguzia Kobina samaki makusudi.

Lakini Mungu si Athumani. Mansa anauza sobolo, ile juisi nyekundu ya maua ya rozela, na sobolo isiyo baridi ni dawa ya kikohozi tu. Jokofu lake dogo likafa huku joto ndiyo kwanza linaanza, wateja wakawa wanakunywa kwa kumwonea huruma. Kobina akaahidi kumnunulia friza kubwa. Adwoba, mjanja yule, akamwekea baba yake simu mezani, ukurasa wa Ekow umefunguka kwenye mafriza. Kobina akasoma, akarudia kusoma, akachagua moja ya sedi elfu sita. Akasema atainunua akishakula. Akala supu yake, akasinzia kidogo, akaamka na kukuta elfu sita na mia nne.

Basi ikawa vita. Alisema kijana amemwona anaitaka, kwa hiyo amempandishia kulipiza kisasi. Adwoba alimweleza kwamba Ekow hagusi bei, lakini nani amsikilize. Bei haipandi bila mtu wa kuipandisha, Kobina alisema, na mtu huyo jina lake liko pale juu ya ukurasa. Kwetu sisi ukikwaruzana na mtoto wa watu huendi mwenyewe kubembeleza, unatuma msemaji. Msemaji wa ukoo wetu ni mimi.

Nikajifunga kitambaa changu cha heshima, nikachukua chupa ya sobolo, maana mkono mtupu haulambwi. Ekow amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Aliponiona nimevaa vile alidhani nimekuja kumwambia Adwoba kaposwa na mwingine, akakaa kitandani bila hata kunikaribisha. Nikamwambia atulie, nimekuja kwa ajili ya friza. Nikatoa ujumbe wangu kwa adabu zote kwamba mzee Arkorful anaomba bei irudi ilipokuwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mimi sicheki.

"Shangazi, hiyo bei mimi naiona tu kama mnavyoiona nyie."

"Kwani sanduku si lako? Andika elfu sita humo kwa mkono."

"Naweza kuandika hata mia. Akifika dukani ataikuta ileile."

Hapo nikamsogelea, nikapunguza sauti. Nikamshauri hizo mia nne azilipe yeye, kimyakimya, mzee aamini amepunguziwa na mke apatikane. Nani atajua? Nilimwona anafikiri. Mia nne za kuchezea hakuwa nazo, ila angekopa. Kwa Adwoba yule angekopa hata meno. Kisha akatikisa kichwa.

"Njia ya mwongo fupi, Shangazi. Watu wananisoma kwa sababu bei wanayoiona kwangu ndiyo wanayoikuta kule. Nikianza kumdanganya mkwe wangu, basi sina kazi kweli, na mzee atakuwa amesema sawa."

Badala yake akageukia kompyuta, akachora sanduku jingine lenye friza ile moja tu, na chini yake saa ambayo bei ilikaguliwa mara ya mwisho. Akanitumia kwenye simu. Alisema bei za majokofu hupanda na kushuka, mzee awe analitazama. Hakuahidi kitu.

Nyumbani nilimweleza Kobina yote, hata lile nililopaswa kulimeza.

"Ulimwambia adanganye?"

"Nilimjaribu."

"Ulimjaribu au ulimshauri?"

"Vyote viwili. Na kakataa, huku anajua anaweza kumkosa Adwoba."

Kobina akaniomba simu. Alivaa miwani, akalitazama lile sanduku kwa muda mrefu.

Tangu hapo hatukuwa na kazi nyingine. Simu iliegemezwa kwenye chupa juu ya meza ya Mansa, na kila mteja akawa anauliza friza imeamkaje. Ikapanda hamsini, watu wakasonya. Ikashuka kidogo, wakaongeza glasi. Mchungaji alipita, akainama kuangalia, akasema ataiweka kwenye maombi. Ijumaa asubuhi Mansa alipiga vigelegele nikadhani jirani kajifungua. Ilikuwa elfu tano na mia saba. Kobina alitoka bafuni na povu masikioni, akabonyeza kitufe mwenyewe, na dukani akaikuta bei ileile iliyokuwa kwenye sanduku. Akalipa. Akarudi kuoga huku anaimba, na Kobina haimbi hata kanisani.

Friza ikaja kwenye pikapu, sobolo ikarudi kuwa sobolo. Mwezi ulipokwisha, Kobina aliniambia, bila kunitazama, kwamba yule kijana anaweza kuja kupiga hodi. Nikamuuliza kama kazi yake sasa ameiona. Akaniambia niende nikamwite na niache maneno.

Ekow alikuja na mjomba wake na chupa mbili za kinywaji kikali, zilizofungwa vizuri kwa utepe. Kobina naye, kwa alivyo, hakuweza kuacha ipite hivihivi. Alizishika chupa, akazigeuzageuza, akauliza mtu asiyeuza chochote amezinunua kwa hela ipi. Nilitamani nimfinye. Adwoba aliinamisha kichwa.

"Mtu akibonyeza kwangu akanunua, Baba, duka linanipa kitu kidogo," Ekow akasema. "Yeye haongezewi bei. Chupa hizi zimenunuliwa na friza."

"Friza ipi?"

"Yako, Baba."

Tukaisikia friza yenyewe inanguruma jikoni. Kisha tumbo la Kobina likaanza kutikisika kabla ya uso wake. Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka begani.

"Yaani nimejipigia hodi mwenyewe," akaniambia. "Kwenye nyumba yangu, kwa hela yangu. Huyu ana kazi, Efuwa. Tena kazi ya hatari."

Mila inataka binti aulizwe mara tatu kama tuzipokee chupa. Nilisimama, nikasafisha koo, nikaanza kuuliza mara ya kwanza. Adwoba alikuwa ameshazibeba, anazipeleka kwenye friza.