Chekeche la Pipa

Yalibaki matundu kama mia mbili. Ezechiel aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, na kati ya magoti yake kulikuwa na gogo lililobeba kipande cha bati kilichokatwa kutoka kwenye pipa la dizeli. Msumari, pigo moja, geuza bati, pigo la pili kulainisha ukingo. Mkono wa kulia ukichoka, alipumzika. Hakuhamia wa kushoto, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulitoboa makubwa, na tundu kubwa hupitisha chenga.

Nyuma yake, katika chumba kirefu ambacho kilikuwa cha gereza kabla Dzaleka, nchini Malawi, haijawa kambi ya wakimbizi, ilisimama mashine ya kusaga. Mradi mmoja wa Ulaya uliileta mwaka uliotangulia. Ilisaga miezi minne, chekeche lake la chuma likachanika, na tangu hapo mahindi yakawa yanatoka nusu nusu, karibu kama yalivyoingia. Chekeche la aina ile lilitengenezwa kiwandani kwao tu. Barua ya kuomba jingine ilikuwa imeandikwa mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2001, na wakimbizi waliendelea kupewa mgao wa mahindi mazima. Wanawake waliyabeba kichwani hadi mjini Dowa, wakamwachia mwenye mashine sahani moja kwa kila debe, wakarudi usiku unaingia.

Ezechiel hakuwahi kukaa darasani kujifunza ufundi. Alichokuwa nacho ni kamba ya baba yake, kamba ya pamba iliyofungwa mafundo. Baba yake alikuwa mtu wa kupaka mashine grisi katika kiwanda cha pamba, bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, huko Kongo. Wazungu walipoondoka, walibeba michoro yote ya mashine ndani ya sanduku la bati, na kila kipuri kikawa ni cha kuagizwa kutoka Ubelgiji. Mzee yule alizunguka kiwanda miezi mitatu akipima kila kipande kwa kamba: fundo moja, kipenyo, mawili, urefu. Pamba iliendelea kwenda Ulaya ikiwa nyuzi na kurudi ikiwa nguo ghali, hilo hakuliweza. Lakini mashine hazikusimama, hadi vita vilipokuja na kuzichukua vipande vipande.

Jumamosi, Ezechiel alilikunja bati lake kwa kufuata mafundo aliyoyafunga akipima lile lililochanika, akalifunga kwa boliti nne, akawasha injini. Unga ulitoka. Mama Annuarite, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliushika kwa vidole vitatu, akaunusa, akaulamba.

"Papa Gentille," alimwambia Ezechiel, akimwita kwa jina la mtoto wake, "huu unga iko laini kupita ule wa bazungu. We ulikuwa unatuficha nini miezi yote hii?"

"Nilikuwa nangojea barua, Mama."

"Barua! Barua banaisagaka?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakalia madebe yao.

Jumatatu alikuja Bwana Chimwaza, Mmalawi aliyesimamia mradi kutoka Lilongwe. Aliweka kiganja kwenye unga wa moto, akatabasamu kama mtu aliyepokea habari njema ya nyumbani. Kisha tabasamu likaisha, akakaa juu ya gunia.

"Alhamisi wanakuja wageni wa mradi," alisema kwa Kichewa, polepole, ili Ezechiel amfuate. "Nakuomba urudishe chekeche la zamani."

"Lile lililochanika?"

"Hilo hilo."

"Bambo," Ezechiel alimwita kwa heshima, "likirudi, mashine haisagi."

"Ndiyo. Njoo ofisini kesho, nikuonyeshe karatasi. Hapa sitaweza kukueleza."

Jumanne Ezechiel alipanda lori la mkaa hadi Lilongwe. Alishuka mtaa wa Kawale, akapita mahali mafundi wanapofua mapipa kuwa ndoo, karai na majiko. Alisimama akawatazama. Kijana mmoja alikuwa akitoboa jiko kwa msumari, pigo moja, geuza. Hakuna aliyemuuliza yule kijana bati lile ni mali ya nani. Kisha akaendelea kwa miguu hadi mtaa wa Area 47, kwenye nyumba yenye ukuta mweupe iliyokuwa ofisi.

Chimwaza alimpa chai kwanza. Kisha akamfungulia kabrasha.

"Awamu ya kwanza ilileta mashine. Awamu ya pili italeta machekeche sita, mtaalamu wa kuyafunga, na mafunzo ya siku kumi."

"Mafunzo ya nini?"

Chimwaza alikohoa. "Ya kubadilisha chekeche."

"Atafundishwa nani?"

"Wewe. Nikifanikiwa kukuingiza."

Ezechiel alitazama karatasi kwa muda mrefu, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa pameandikwa nini?"

"Kwamba mahali pale hakuna fundi wala vifaa."

"Na mimi niko wapi, bambo?"

"Uko hapa, unakunywa chai yangu. Lakini mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa. Nikikuandika fundi, nimeandika kosa lako na langu." Alishusha sauti. "Wakikuta inasaga, hakuna awamu ya pili. Na wakiona bati lisilo la kiwandani, mkataba unawaruhusu kuichukua mashine. Bado ni yao. Kazi yangu nayo inaisha na mradi, na nina watoto wanne shuleni."

"Wageni wakishaondoka, naweza kurudisha langu?"

"Wataweka muhuri kwenye boliti, zisifunguliwe."

"Hadi machekeche yafike?"

"Hadi yafike."

"Lini?"

Chimwaza akamwongezea chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Njiani kurudi, juu ya lori tupu, Ezechiel alijaribu kumtafuta mwenye kosa, kama anavyotafuta kelele kwenye injini, kipande baada ya kipande. Chimwaza? Alimwogopa mkubwa wake. Mkubwa wake? Alingoja Ulaya. Wa Ulaya labda hakujua kwamba njia ya Dowa ina mlima, wala debe la mahindi lina uzito gani shingoni mwa mwanamke mjamzito. Na kiwanda kilichotengeneza mashine kilijua sana. Kilitoa mashine bure kikabaki na chekeche, ili kila likichanika lirudiwe kwake. Kichwa kilimuuma. Alitamani pawepo mtu mmoja tu wa kumkasirikia.

Jumatano alasiri alichukua spana. Alipima bati lake upya kwa kamba, fundo kwa fundo, asije akasahau, kisha akafungua boliti ya kwanza. Ya pili ilikuwa imekaza. Alipoilegeza, alisikia debe likiwekwa chini mlangoni.

"We Papa Gentille," Mama Annuarite alisema, "iko imeharibika tena?"

"Hapana. Iko muzuri. Njo maana banasema niiharibu."

Akamweleza yote: wageni, mkataba, muhuri, mafunzo. Mama Annuarite alisikiliza mikono kiunoni.

"Banataka kukufundisha hii hii?"

"Siku kumi."

"Na batakupa cheti?"

"Nadhani."

"Ukipewa, uniletee, nifunikie chungu." Hakucheka. Nyuma yake wengine walikuwa wamefika, madebe kichwani. "Fundi, mi siwezi kusoma mukataba. Lakini hawa batoto banakula leo. Saga kwanza zetu, kisha ufungue."

Ezechiel alihesabu madebe: kumi na manne. Kazi ya saa mbili. Wageni walikuwa wa kesho. Maadamu debe limebaki, boliti zingefunguliwa baadaye. Kwanza kinachotangulia, kisha kinachofuata, ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Alikaza ile boliti ya pili, akarudisha ya kwanza, akazungusha mkono wa injini.

Habari ilitembea kambini kwa kasi kuliko lori. Alipofika debe la kumi na nne kulikuwa na arobaini. Wanawake wa upande wa Warundi walikuja, na wazee waliotumwa na wake zao, na akina mama wa Kichewa kutoka kijiji cha jirani, wakisema zikomo, asante, kabla hata hawajasagiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja aliweka debe lake nyuma ya lingine, akasimama kando yake.

Debe hilo lilipoisha, dizeli nayo ilikwisha, jua likizama. Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Ezechiel alipapasa boliti, bado zina moto, akaichukua spana, kisha akaiweka tena.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita," Mama Annuarite alijibu. "Zitalala hapa hapa, kwa foleni. Dizeli nitaitafuta asubuhi, hata kama ni kwa kuuza mahindi."

"Wageni wanafika saa nne."

"Basi tuanze saa kumi na mbili."

Ezechiel alifuta spana kwa kitambaa, akaitundika ukutani kwenye msumari wake. Alipita kati ya madebe akiangalia asilikanyage hata moja. Mlangoni aligeuka, akatazama boliti nne, zote zimekaza.

"Nitazifungua kesho," alisema. "Foleni ikiisha."