Kaburi Lisilolaliwa

Usiku wa jana niliota, na haki ya Mungu kila neno nitakaloandika hapa ni la kweli. Najua wanaonifahamu watasema, "Mbano kaanza tena." Sawa. Yule kiboko aliyenisaidia kusukuma greda pale Ruaha, nilimtia chumvi kidogo. Hii sikuitia. Asiyeamini aje ahesabu kuku wangu.

Kwanza mjue habari za Kihwele. Yeye Mhehe, mie Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Kwa hiyo Kihwele huja kwangu kila asubuhi, anakunywa chai yangu na kuniita mateka wake, nami namwita hivyo hivyo. Mmoja wetu akifa, mwenzake ana kazi moja: kushuka kaburini kabla ya jeneza, kulala chali, na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Watu wanacheka huku wanalia, kuku analetwa, mtani anatoka, mazishi yanaendelea. Bila hivyo, wazee walisema, maiti hatulii.

Sasa, wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa mjini wana jarida lao la mashairi na hadithi fupi, linaitwa Ukindu. Wametenga ukurasa mmoja kwa wazee wa mtaani. Mie tangu nistaafu kuendesha greda najifundisha kuandika, basi nikaona niwapelekee kitu. Nilisoma matoleo yao ya nyuma nikagundua kwamba hadithi isiyo na maiti hawaichapishi. Nikatafuta wa kumuua. Kihwele alikuwa hapo hapo, anapuliza chai.

"Mtu mzima unamuua jirani?" aliniuliza mke wangu, Mama Skola.

"Ni utani tu. Tena nimemzika kwa heshima."

Sikumsomea hata mstari. Bahasha niliifunga mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe.

Basi, ndotoni niko ofisini kwa Ukindu. Sikuingia kwa mlango. Masharti yao yanasema hadithi ianze katikati ya tukio, na kweli, ofisi haina mlango. Mtu anajikuta tu yuko katikati, mguu mmoja hewani.

Kwenye mabenchi wamekaa wahusika wa hadithi za wanafunzi. Wote wamekufa. Kuna bibi harusi anayechuruzika maji. Kuna mzee mwenye alama ya tairi kwenye koti. Kuna akina mama wengi sana, kwa sababu mwanafunzi akishindwa kumaliza hadithi humuua mama. Kila mmoja ameshika kikombe cha chai, na hakuna anayekunywa.

Mwezi uko kwenye kiti cha pembeni, mdogo kama sinia, umejifunga taulo kichwani.

"Unaumwa?" nauuliza.

"Nimechoka. Toleo hili kila shairi limenitaja. Lile pale limenitaja kila ubeti, na halikuwa na shida na mimi."

Shairi lenyewe linapita likichechemea. Mshororo wake mmoja umepungua silabi. Linaniomba chochote, hata kikohozi. Nakohoa. Linapokea, linanyooka, linakwenda zake bila asante.

Mhariri ni stepla. Imelala juu ya meza na imeijaza meza nzima, ya chuma, inafumbua na kufumba mdomo polepole.

"Hongera, Mzee Mbano," inasema. "Hadithi yako imekubaliwa."

Naona fahari. Halafu mtu aliyekaa mwisho wa benchi anainua kofia.

"Kamwene, Mngoni."

Ni Kihwele, na salamu yake ya Kihehe. Amevaa suti ya kijivu ambayo mikono yake inameza vidole, na puani ana pamba.

"Kamwene. Unafanya nini huku?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Nipo hapa tangu ulipoandika 'akakata roho'. Na hii suti ni ya nani?"

"Niliandika ya kukodi. Nilitaka wacheke."

"Nani amecheka?"

Natazama mabenchi. Bibi harusi anachuruzika.

"Ikishapigwa pini haibadilishwi," stepla inasema. "Ndiyo sharti letu. Kila aliyemo atabaki alivyoandikwa."

"Kwenye karatasi," nasema.

"Kwani kwingine anaishi wapi?"

Nataka kujibu kwamba anaishi nyuma ya kwangu, nyumba yenye mlango wa bluu. Lakini nikiitafuta ile nyumba kichwani siioni. Naona kiwanja kitupu na majani yaliyoota.

Hapo ndipo naogopa.

"Naomba niichukue hadithi yangu."

"Imeshakubaliwa."

"Basi niongeze sentensi moja. Aamke."

"Maneno yametimia. Ukiongeza huku, tunakata kule. Tukate nini? Miguu?"

Kihwele anavuta miguu yake chini ya benchi.

Sakafu inalainika. Natazama chini, naona udongo mwekundu. Natazama juu, hakuna dari. Tuko makaburini, ukurasa wa mwisho wa hadithi yangu, na napatambua kwa sababu nilipaandika vibaya. Niliandika "waombolezaji walikuwa wengi", basi ni wengi, na hawana nyuso, maana sikuwapa. Niliandika "upepo ukavuma" nikasahau kuandika kwamba ulitulia. Unavuma. Majani yamelala upande mmoja tangu wiki niliyopeleka bahasha.

Watu wasio na nyuso wameshika jeneza. Kihwele anapanda mwenyewe, kwa adabu, kama mgonjwa anayepanda kitanda cha hospitali.

"Mngoni," anasema kabla hajajinyoosha. "Kitu kimoja tu. Kwenye mazishi yangu, wewe ulikuwa wapi?"

Natafuta. Nimeandika padri. Nimeandika mbwa. Nimeandika hata sufuria za wali. Mtani sikumwandika. Mngoni mzima namzika Mhehe, na kaburi halijalaliwa.

Juu yetu stepla imetanda kama wingu. Inaanza kufumba.

Naruka kaburini. Nalala chali. Baridi inaniingia mgongoni kama maji kwenye kiatu kilichotoboka.

"Toka," inasema stepla.

"Sitoki mpaka nipewe kitu."

"Hilo halimo kwenye hadithi."

"Ndiyo maana sitoki. Nikiwa humu hazikwi mtu, na asipozikwa, hadithi haijaisha. Mnachapisha hadithi isiyoisha ninyi?"

Mwezi unachungulia ukingoni na taulo lake. "Hawachapishi," unasema kwa sauti ndogo. "Imo kwenye masharti."

Stepla inabaki mdomo wazi. Kwa ndani naona pini zimepangana, zote zinanitazama.

"Unataka nini?"

"Huyo Mhehe."

Waombolezaji wananong'ona bila midomo. Halafu kichwa cha Kihwele kinatokea ukingoni, kofia na pamba.

"Taratibu," anasema. "Umezika bila watani. Hilo lina faini. Jogoo."

"Kihwele, nakuokoa."

"Niokoe, na mie nikutoze. Yule mwekundu."

Yule mwekundu sikumchinja hata mkwe wangu alipokuja. Namtazama Kihwele. Naitazama stepla. "Haya, jogoo," nasema kwa mdomo. Moyoni namtaja tetea wangu kishingo, yule wa shingo tupu asiyetaga.

Stepla ikafunga mdomo. Hakuna pini iliyotoka; kwa ndani ilikuwa tupu sasa.

Nikaamka. Mama Skola alikuwa kasimama kando ya kitanda. "Umelala umenyooka hivyo kwa nini? Nilikuwa nakuja kukugusa." Nilitoka na shuka mabegani mpaka nyuma ya nyumba. Mlango wa bluu upo. Nikarudi kuvaa.

Kihwele akaja kwenye chai kama kawaida, ila hakuniita mateka. Akakaa. Akapiga chafya, akaingiza kidole puani, akatoa kipande cha pamba. Akakiweka kwenye kisosi.

"Nimeamka nacho," akasema.

"Labda mto wako umetoboka."

"Mto wangu ni wa sponji."

Nikatoka nje haraka, nikamkamata yule kishingo, nikamfunga miguu, nikamletea. "Nimekukumbuka tu, mtani wangu. Kitoweo hicho."

Hata mkono hakunyoosha. Alimtazama kuku, akanitazama mie.

"Mdomo wako ulisema jogoo, Mngoni. Moyo ndio uliosema kishingo. Ulidhani mle shimoni moyo hausikiki?"

Nikamfungua kishingo, nikaenda bandani.

Mama Skola akasimama mlango wa jikoni, mkono kiunoni. "Huyo jogoo anakwenda wapi?"

"Uheheni," nikamwambia.

Kihwele alimbana kwapani, wakaondoka wote wawili wakiwa wamenuna. Alipofika getini akageuka. Hadithi yangu hajaisoma, na hakuna aliyemsomea.

"Nikifa kweli," akasema, "usinikodie suti."

"Utakuja na yako," nikamjibu. "Mie nitakuja kulala tu."